Mchezaji Tuliyemficha kwa Mtani

Nikikaa na wajukuu kutazama mpira kwenye runinga, hawaishi kulalamika. Fulani kahama timu kwa ajili ya hela, fulani kagoma mpaka aongezewe mshahara, fulani hana mapenzi na jezi. Kisha wananigeukia mimi, niliyezaliwa kabla ya uhuru, wakitaka niwaunge mkono na kusema kwamba zamani wachezaji walikuwa na mapenzi ya kweli. Huwa nawaudhi. Nawaambia mwacheni mtu aushike mkataba wake, ausome mstari kwa mstari, na atie saini akiwa ameshiba na akili yake imetulia. Wanadhani ni ubishi wa uzee. Ubishi ninao, sikatai, lakini hili lina sababu yake, na sababu yenyewe ilikaa nyumbani kwangu Temeke siku kumi na moja.

Timu sizitaji. Zilikuwa mbili, za upande wetu wa mji, wala si hizo kubwa mnazozifikiria. Moja yetu, nyingine ya watani. Ndivyo tulivyowaita wapinzani wetu, nao walituita hivyohivyo, kwa sababu mtu unayemtania mpaka msibani kwake huwezi kumwita adui. Tulizomeana uwanjani Jumamosi, na Jumatatu tukaazimana chumvi.

Mimi nilikuwa na mtani ndani ya nyumba. Mume wangu alikuwa mtu wa kusini, seremala katika karakana ya samani ya shirika la umma kule Keko, na alikuwa amejiunga na timu ya watani kabla hajanijua. Mimi ni Mzaramo, mzaliwa wa hapahapa, na wakati huo nilifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Alinioa pamoja na kadi yangu ya uanachama, na kila mtu mtaani alilijua hilo. Timu yake ikifungwa na yetu, aliteka maji bombani wiki nzima, na majirani walitoka vibarazani kumwangalia akipita na ndoo. Ikifungwa yetu, nilimpikia anachotaka na kumsikiliza akisimulia magoli huku anakula. Tuliishi vizuri. Nasema hivi mapema kwa sababu mbele nitaonekana mtu mbaya, na nyumba yetu haikuwa mbaya.

Enzi hizo mchezaji wa kulipwa hakuwepo. Neno lenyewe lilikuwa na harufu ya ulanguzi. Mpira ulikuwa wa ridhaa, na kila kitu kilikuwa chetu: shamba letu, kiwanda chetu, duka letu la ushirika, mchezaji wetu. Mchezaji alitafutiwa kazi kwenye shirika, akabeba marobota asubuhi na kufanya mazoezi jioni, na sisi tukamlipa kwa kelele. Tuliona tumemlipa vizuri sana. Sikuwahi kujiuliza kama naye alikuwa na kitu cha kuita chake.

Ulipofika msimu wa usajili, wachezaji walifichwa. Mgeni ataona ni jambo la ajabu, lakini kwetu lilikuwa la kawaida kama kupanga foleni ya sukari. Ukimleta mchezaji mzuri kutoka mkoani, watani wakasikia, watamfuata, watambembeleza, watamsainisha fomu nyingine, na mwenye fomu mbili anafungiwa. Kwa hiyo anafichwa nyumbani kwa mwanachama mwaminifu, anakula, analala, hatoki, mpaka majina yabandikwe. Watani nao walizijua nyumba zetu zote. Walipita wakijifanya wanauliza bei ya mkaa huku macho yao yako ndani.

Mwaka huo wazee wa klabu walimleta winga wa kushoto kutoka kusini, kijana wa miaka ishirini na moja aliyewatoa jasho mabeki wote wa mkoa wake. Jioni moja mwenyekiti wa tawi letu alinijia uwani, akakaa kwenye kigoda, akaniambia amepata wazo. Watani wanatafuta kwa wanachama wetu. Hawatatafuta kwa mtani mwenzao.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikaona kwamba ni wazo zuri kuliko yote waliyowahi kuwa nayo wazee wale, na kiburi kikanipanda, kwamba katika tawi zima lenye wanaume wengi, anayekabidhiwa winga ni mimi. Nikamwambia kazi iliyobaki ni ya mume wangu.

Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kijana anatoka wilaya gani. Kumbe ni wilaya ya jirani na kwao, na lugha yao moja. Akafikiri kidogo, akasema aletwe, ila ana sharti.

"Humu ndani atakuwa mgeni wangu, siyo mchezaji wenu," alisema. "Habari za mpira mtaziacha mlangoni. Uwanjani tutaonana."

Kijana akaja na mfuko mmoja wa nguo. Akampa mume wangu shikamoo, akamwita kaka, nami akaniita shemeji. Alikuwa mrefu, mpole, anayekula taratibu kana kwamba anaogopa kumaliza. Tulimlaza chumba cha mbele. Kwa kuwa mgeni akilala ni lazima balozi wa nyumba kumi ajulishwe, mume wangu alikwenda kumwambia balozi kwamba amefikiwa na mdogo wake anayetafuta kazi ya useremala. Balozi naye alikuwa mtani. Alikuja kumsalimia mgeni, akamtazama miguu kwa muda mrefu, akasema kwamba mdogo wetu ana bahati ya miguu kwa mtu anayekwenda kushika randa. Kisha akaenda zake, na hakumwambia mtu yeyote. Mgeni wa mwenzake hakumhusu.

Kijana hakuruhusiwa kuvuka kizingiti cha nje, kwa hiyo alishinda uwani. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, na katika chumba cha mwisho aliishi bibi mmoja mpangaji mwenzetu aliyekuwa anakwenda kwenye kisomo cha watu wazima. Alikwenda kwa sababu balozi alimlazimisha, na kwa miezi mingi alikuwa ameshindwa kuandika jina lake. Mwalimu wake alimkaripia, naye akarudi kila siku na sura imekunjamana. Siku ya tatu nikamkuta winga wetu amechuchumaa sakafuni na kipande cha mkaa, bibi yuko pembeni yake, anamfundisha. Hakumkaripia. Bibi akikosea, yeye anafuta kwa kiganja na kumwambia warudie, kwamba hata yeye alichukua muda kulishika hilo. Siku ya tano bibi aliandika jina lake zima kwenye sakafu ya korido, na akatukataza kupapiga deki. Tulipita kando ya jina hilo wiki nzima.

Siku ya sita aliniletea barua. Nilikuwa nachambua mchele, akakaa chini, akaitoa mfukoni kwa uangalifu. Ilitoka chuo cha ualimu cha mkoani, huko reli inakopita. Alikuwa amechaguliwa. Aripoti Jumatatu ijayo, na asiyefika siku hiyo nafasi yake itapewa mwingine. Chini waliorodhesha vitu vya kuja navyo: blanketi, sahani na kikombe cha bati, shati jeupe, madaftari. Aliniambia kwamba wazee walipomfuata kwao aliwaeleza habari ya chuo, nao wakamwahidi kwamba hakuna tatizo, atacheza wakati wa likizo. Sasa siku zinakwenda na hakuna aliyekuja kumweleza kitu. Aliniomba niwakumbushe.

Niliipeleka barua tawini jioni ileile. Mwenyekiti aliisoma, akaikunja, akanirudishia. Alisema walimu nchi hii wako wengi, winga wa kushoto hatuna hata mmoja. Wote wakacheka, na mimi nikacheka nao. Ningependa kuandika kwamba nilisimama nikamtetea. Nilikuwa naiwaza mechi ya watani, ya wiki tatu mbele, na nilikuwa namwona kijana wangu, naam, wangu, akimpita beki wao wa kulia aliyetusumbua misimu miwili.

Niliporudi aliniuliza wamesemaje. Nikamwambia watazungumza na chuo. Akanishukuru. Nilikwenda jikoni haraka, nikasonga ugali kwa nguvu kuliko ulivyohitaji.

Jumamosi nilipotoka kazini niliona sanduku la bati chini ya kitanda chetu. Lilikuwa la kijani, bawaba moja imefungwa kwa waya, na nililijua. Lilikuwa la katibu wa timu ya watani, aliyefanya kazi karakana moja na mume wangu. Kila timu yao iliposafiri, yeye alikuwa mbele na sanduku lile, limejaa jezi. Sasa liko kwangu, limefungwa, na mume wangu hajasema neno.

Ningeuliza tu. Swali lenyewe lisingezidi maneno matatu, na mtu wa kumuuliza alikuwa amekaa barazani ananoa patasi. Lakini shabiki haulizi, shabiki anajua. Nilijua pale pale kwamba mtani ameshindwa kuvumilia, kwamba habari za mgeni wangu na mgeni wako zilikuwa danganya toto, na kwamba winga wetu anahamishiwa kambi ya watani ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Sikulifungua sanduku. Usiku nililala nimempa mgongo, nikijipongeza kwa kutojionyesha.

Jumapili asubuhi kijana alikuja uwani nilipokuwa nakanda unga wa chapati. Alikuwa ameoga na kuchana nywele. Mgeni wa kwetu haondoki nyumbani kwa mtu kama anayetoka hotelini. Anaomba ruhusa, na mwenyeji anampa. Akachuchumaa mbele yangu.

"Shemeji, naomba ruhusa," alisema. "Mmenitunza sana. Kaka anisindikize."

Nikauliza anasindikizwa wapi. Alimtazama mume wangu aliyekuwa amesimama mlangoni. Mume wangu akajibu kwa kifupi, stesheni, na hakuniangalia usoni. Hilo nalo nikaliweka kwenye ushahidi wangu. Nikasema mgeni haondoki na njaa, ngojeni mle kwanza, chapati haziko mbali. Nikaukanda ule unga mpaka ukawa laini kama sikio la mtoto, kisha nikasema mafuta ya kupikia yamekwisha, naazima kwa jirani. Nikajifunga khanga, nikatokea mlango wa uwani, nikaenda tawini mbio, mikono yangu ina unga mpaka kwenye viwiko.

Wazee walifika na pikapu kabla sijapata pumzi. Walikuwa wanne. Mume wangu alikuwa ameshatoka barazani na sanduku, kijana yuko nyuma yake na mfuko wake. Mume wangu alisimama kwenye ngazi, akawaambia kwamba huyu ni mgeni wake na anaondoka nyumbani kwake kwa heshima.

"Mtani, leo umekamatwa," mwenyekiti alimjibu, na watu wakaangua kicheko.

Majirani walikuwa wamekwisha kujaa, na wao wakacheka. Mtani kakamatwa na winga wa wenzake na sanduku la katibu mkononi, nani hatacheka. Mwenyekiti alimgeukia kijana, akamwambia kwamba huyu anayemwita kaka alikuwa anakwenda kumuuza kwa watani, na kwamba sisi ndio ndugu zake. Kijana alimtazama mume wangu, akasubiri akanushe. Mume wangu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi niliyetokea pembeni ya nyumba, akaitazama mikono yangu yenye unga, isiyo na chupa wala kopo la mafuta. Akaelewa. Palihitajika sentensi moja tu, kwamba mke wangu ndiye aliyewaita, niacheni nieleze. Hakuisema. Alisogea kando ya ngazi, na wale wanne wakampakia kijana, wakavuka naye kwa pantoni kwenda kumficha Kigamboni mpaka majina yabandikwe.

Watu walipotawanyika alilirudisha sanduku ndani, akaliweka kitandani, akalifungua mbele yangu. Kulikuwa na blanketi letu la pili. Sahani na kikombe cha bati. Shati lake jeupe la Idi, alilolipunguza mikono. Madaftari matatu, na juu yake tiketi ya treni ya siku ile. Barua ile ya chuo alikuwa ameiona mikononi mwa kijana, akaulizia kimya kimya kwa watu wa tawini, akaambiwa jinsi tulivyocheka. Sanduku aliliazima kwa katibu kwa sababu wanafunzi wanatakiwa wawe na sanduku, na sisi hatukuwa nalo. Kijana mwenyewe alikuwa ameambiwa tu kwamba anasindikizwa chuoni, ndani ya sanduku hakuonyeshwa.

"Ulidhani nampeleka wapi?" aliniuliza.

Jibu la kweli lilikuwa, kwa watani wenzio. Akavitoa vile vitu, akaenda kumrudishia katibu sanduku lake.

Mechi ya watani ilifika. Uwanja ulijaa, na mimi nilikuwa upande wetu na wanawake wenzangu wa tawi. Nilikuwa nimemwambia Mungu wangu kwamba goli moja la kijana yule litanipa amani, kwamba likiingia nitajua nilifanya sawa. Likaingia. Alimpita yule beki wao kwa kumwacha amekaa chini, akapiga kwa guu la kushoto, na mimi nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Sitasema kwamba sikufurahi. Nilifurahi kama watu wote. Ila walipombeba mabegani na kumpitisha mbele yetu, alikuwa anatazama juu ya vichwa vyetu, na nikakumbuka kwamba mwenye nafasi yake kule chuoni ameshaanza masomo wiki mbili zilizopita.

Nyumbani mume wangu aliteka maji. Majirani walitoka kama kawaida na kumtania kama kawaida, na zaidi ya kawaida, maana sasa alikuwa mtani aliyetaka kuiba winga akashindwa. Aliwajibu kwa utani. Ndoo ya tatu nilimfuata bombani kumpokea, akakataa, akasema zamu ni yake.

Kijana alipata kazi kwenye ghala la shirika na chumba Buguruni. Tukikutana tawini alinisalimia kwa furaha, shemeji, habari za nyumbani, lakini habari za nyumbani alizozitaka hazikuwa za mume wangu. Akimwona njiani alivuka upande wa pili. Siku moja walikutana uso kwa uso kwenye foleni ya duka la ushirika, na kijana, aliyelelewa vizuri kuliko vijana wote niliowajua, akampita mkubwa wake bila shikamoo. Watu waliona. Mume wangu akaendelea kutazama mbele mpaka alipofikiwa na zamu yake. Nilimwambia usiku ule kwamba nitamweleza kijana ukweli.

"Mwache," alisema. "Akijua atakosa pa kwenda."

Alimaanisha kwamba kijana hakuwa na mtu mwingine wa kumkimbilia mjini ila mimi. Mimi nikalichukua neno hilo kama ruhusa, kwa sababu lilinifaa. Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia mume wangu: winga akijua ukweli angeweza kuondoka, na ligi ilikuwa bado. Miaka mitatu nilimwacha mume wangu abebe lawama yangu mtaani ili timu isipungukiwe upande wa kushoto. Nimekaa na sentensi hii muda mrefu kabla ya kuiandika.

Msimu wa tatu goti likaenda. Hakuna aliyemuumiza. Aligeuka peke yake, karibu na kibendera cha kona, akaanguka. Tulisema atapona. Mganga wa klabu akalikanda, hospitali wakalifunga, akarudi mapema mno kwa sababu sisi tulipiga kelele kulitaja jina lake, akaanguka tena. Baada ya hapo wazee waliacha kumtaja, na ghalani wakamwambia marobota hayabebwi na mtu wa goti moja. Wakati huo tulikuwa tumekwisha kumleta winga mwingine, kutoka Tabora. Tawi halikuwa na watu wakatili. Walikuwa watu wazuri ambao kwao mchezaji alianzia na kuishia uwanjani, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilikwenda Buguruni siku ya mapumziko yangu, na unga na samaki wa kukaanga. Nilimkuta amekaa mlangoni, mguu ameunyoosha, anasoma gazeti la wiki iliyopita. Alifurahi kupita kiasi. Alinitafutia kiti kwa jirani, akachechemea kwenda kuninunulia chai, nikamkataza, hakukatazika. Tulipokaa alisema kwamba wote waliomshangilia hakuna aliyefika, na kwamba hawalaumu, mjini kila mtu ana mbio zake. Kisha akasema neno lililonivunja.

"Mji huu mzima, shemeji, ni wewe peke yako uliyenitendea wema."

Nikaiweka chai chini, nikamwambia. Sikupanga maneno, yalitoka kuanzia mwisho: kwamba kaka yake hakumuuza, kwamba niliyewaita wazee ni mimi, kwamba nilikwenda na unga mikononi, kwamba na chuo hakuna aliyezungumza, tulikicheka. Nilimwambia kilichokuwa ndani ya sanduku, kimoja kimoja. Alinisikiliza akiwa ametazama goti lake. Nilipofika kwenye tiketi aliniuliza ilikuwa ya treni ya saa ngapi. Nikamwambia. Akahesabu kitu kichwani, labda saa ambayo angefika.

"Na yeye anajua kwamba nilikuwa namlaumu?"

Nikasema anajua.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile, pale kwenye ngazi."

Hakuniambia amenisamehe, wala hakunifukuza. Aliniomba kwa adabu nimwache apumzike. Nilirudi Temeke kwa miguu ingawa basi lilikuwepo, nikamweleza mume wangu kwamba nimemwambia kila kitu. Akauliza kama amekula.

Jumapili mbili zilipita. Ya tatu, mchana, nikiwa jikoni, nilisikia hodi ikibishwa mlango wa mbele na sauti ya mume wangu ikikaribisha. Nilichungulia. Kijana alikuwa amesimama kizingitini na fimbo. Alitoa shikamoo ndefu, akainama kadiri goti lilivyomruhusu, na mume wangu akamshika mkono kabla hajafika chini. Wakakaa barazani. Walizungumza kwa lugha ya kwao, ambayo mimi kwa miaka yote ile sikujifunza zaidi ya salamu. Sikuitwa. Nilisikia sauti ya kijana kwa muda mrefu, halafu ya mume wangu kwa muda mfupi, halafu kitu kilichokuwa kicheko au kilio, sikuweza kutofautisha. Nilikuna nazi mbili wakati moja ilitosha.

Chakula kilipoiva nilikipeleka, na birika la maji na beseni la kunawia. Nilikusudia kuviweka chini na kurudi jikoni, kwa sababu mimi sikuwa nakula na wageni wanaume, na siku ile nilikuwa na sababu kubwa zaidi ya kutokaa. Kijana aliinuka, akalichukua birika mkononi mwangu. Alimmiminia mume wangu kwanza, kama mdogo anavyomnawisha mkubwa wake, polepole, akarudia, akamnawisha tena mikono iliyokwisha kuwa safi. Mume wangu aliiacha mikono yake pale, hakusema inatosha. Beseni likakaribia kujaa.

Nilikuwa nimeshageuka kuondoka. Aliniita shemeji, na nilipotazama, alikuwa amelielekeza birika kwangu, anangoja, mguu wake mbaya unatetemeka kwa kusimama. Mume wangu alikuwa amesogea kwenye mkeka kunipa nafasi. Maji yalikuwa yamebaki kidogo, nikanyoosha mikono.